Mpaka Litoke Jani la Tatu

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mama Nzuki, mkwe wangu mtarajiwa,

Bwana asifiwe sana. Mimi niko salama, ila goti la kushoto linalalamika nikibeba beseni la omena, wale dagaa ninaouza sokoni, na jirani anayekaanga samaki ananiliza na moshi hata siku ambazo sina huzuni. Wewe je? Bridgit ameniambia presha ilikupanda baada ya mpangaji kuziba choo na suruali. Pole, mama. Punguza chumvi, na huyo mpangaji mpunguze pia.

Najua unajiuliza mbona naandika na simu ninayo. Marehemu mama yangu, huko Funyula, alishikilia kwamba mama wa binti na mama wa kijana hawapigi porojo kabla mifugo haijafika. Simu hakuijua, lakini namfahamu, angeikataza pia. Barua hakuitaja. Kwa hivyo Bridgit atakuwa tarishi wetu kila akija huku kutoka saluni yake ya hapo kwenu Kawangware 56. Bahasha nimeibandika gundi. Akiifungua nitajua.

Ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne. Zile punje nyeusi si uchafu, ni mbegu, ingawa ni ndogo kama vumbi la majani ya chai. Zipande. Usiniulize ni nini, na usimwonyeshe Bridgit wala mtu mwingine. Mama yangu alimpa mkwe wake hivyo hivyo, yaani mama ya mume wangu, kabla sijaolewa. Mwanamke akiweza kulea kitu asichokijua, basi na binti wa watu asiyemjua atamlea. Huo ndio mtihani wetu, hakuna mwingine. Ukifika hapa tarehe 29 Machi na wale mbuzi wenu watatu, utaniletea na mche mmoja, nami nitakutajia jina lake.

Msalimie Nzuki. Mwambie apunguze kuchomelea bila miwani.

Ni mimi mkwe wako mtarajiwa,
Mama Bridgit (Nabwire)


Kawangware 56
Jumatano, 19 Februari 2025

Kwa Mama Bridgit,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Presha imeshuka, ahsante, imeshuka siku ile ile suruali ilitoka. Goti lako likande na maji moto, mimi maji moto huyaamini kwa kila kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sisi Wakamba mtu akikupa mbegu anakwambia ni mbaazi au ni kunde, unashukuru, mnaachana. Lakini kila nyumba na mambo yake. Mbuzi watatu wa ntheo ndio kwetu wanaofanya ndoa iitwe ndoa, na Nzuki ameshawachagua huko Kitui kwa mjomba wake, hata mmoja amempa jina. Sasa mimi nitashindwa na vumbi la chai?

Nimekata shingo ya mtungi wa lita ishirini, nikajaza udongo mweusi na mavi ya mbuzi, nikanyunyiza mbegu zako juu, nikapandisha mtungi kule paani karibu na tangi la maji. Huko hapandi mtu isipokuwa mimi keateka, mwangalizi wa ploti, na Obonyo, mpangaji wa namba saba, anayeanika shati lake la kwaya. Nimemwagilia asubuhi na jioni siku kumi.

Mama Bridgit, zimetoka tatu. Nimehesabu mbegu zako kwa macho, zilikuwa kama mia. Tatu! Na hizo tatu kila moja ina majani mawili ya mviringo, yamelala hayana habari. Nimeyaangalia mpaka shingo ikauma. Yanafanana na mche wa sukuma, yanafanana na nyanya, yanafanana na magugu yanayoota kwa mtaro wetu. Mtihani gani huu hauna hata swali?

Mkwe wako mtarajiwa,
Mama Nzuki (Wayua)


Kisumu Ndogo
Jumapili, 23 Februari 2025

Mama Nzuki mpendwa,

Hujambo na watu wako? Goti nimelikanda, limesikia. Endelea kuyaamini maji moto.

Nimecheka peke yangu mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Hayo mawili ya mviringo hayakwambii kitu, mama, usiyasumbue. Hayo yametoka ndani ya mbegu yenyewe, ni chakula cha njiani tu, na karibu kila mche huja nayo. Mtoto mchanga naye ukimwangalia siku ya kwanza utasema anafanana na nani? Anafanana na mtoto. Wewe subiri jani la tatu. Hilo ndilo jani la kweli la kwanza, ndilo linatoka na sura ya ukoo wake. Mpaka litoke, hata mkulima wa miaka hamsini anabahatisha.

Lakini tatu kati ya mia, hapo hata mimi nimeshangaa. Labda ni baridi ya Kawangware.

Mkwe wako mtarajiwa,
Mama Bridgit


Kawangware 56
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Mama Bridgit,

Nakusalimu. Afya yangu si mbaya, ila moyo unanidunda, na utaona sababu.

Jani la tatu limetoka. Limetoka kwa miche yote mitatu. Ni refu, limechongoka, na kando kando lina meno. Meno, Mama Bridgit, kama ya msumeno. Nilitaka kukutumia moja ndani ya bahasha, nikafikiria njia yote ya kutoka hapa mpaka Kibera na askari waliomo, nikaacha. Nimekuchorea hapa chini. Mimi si mchoraji lakini meno nimeyahesabu.

Sasa nakuuliza kama mama kwa mama, na sitaandika jina la ile kitu kwa karatasi maana karatasi hukaa. Mwaka jana kanisani kwetu kulikuwa na semina ya vijana, wakabandika picha ukutani ya jani ambalo vijana wasiliguse. Lilikuwa na meno. Mimi ndiye niliyelibandika, kwa mkono wangu, kama mwenyekiti wa kina mama.

Na kuna jambo lingine. Juzi Obonyo alipanda paani na shati lake. Akasimama kwa mtungi. Akatabasamu mpaka jino la mwisho. Akaniambia, "Mathe, kumbe na wewe? Hii kitu mimi naipenda vibaya, nikiikosa wiki moja mwili haunisikii. Ikikomaa unikumbuke." Obonyo! Anayeimba besi! Nikamwambia ashuke mara moja, na tangu siku hiyo akiniona ananikonyeza.

Niambie ni nini.

Mama Nzuki


Kisumu Ndogo
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama Nzuki wangu,

Shalom. Pole na moyo, kunywa maji.

Mchoro wako nimeupokea. Mwanzoni nilidhani ni samaki, nikasema mkwe wangu ana heshima, amenichorea biashara yangu. Mama Mercyline wa kioski cha maji akasema hapana, ni kitana. Ukaja kugeuzwa ndio nikaona ni jani. Na meno umeyaweka sawasawa!

Jina sitakutajia, ng'o. Umebakisha wiki tatu tu na unaendelea vizuri, nisikuharibie. Lakini nikuondolee wasiwasi kidogo: huyo Obonyo wako ni mtu anayejua vitu vizuri. Hiyo kitu imelea ukoo wetu wote. Marehemu mume wangu asipoipata jioni alikuwa hasemi na mtu. Watoto wetu tunawapa wakishaota meno mawili matatu, na mzee asiye na meno ndiye anayeifurahia zaidi. Mama yangu alikuwa anaikausha na kuiweka, ya kiangazi. Siku ya kwanza unaweza kuona inakushinda, wengi huwashinda, lakini ukizoea, Mama Nzuki, hutaacha tena. Bridgit nimemlea nayo. Akiwa kwako ataitafuta, na mkiwa nayo paani nitakuwa na amani.

Basi tulia. Kumbuka usimwonyeshe mtu.

Mkwe wako, na lile neno "mtarajiwa" nimeanza kulichoka,
Mama Bridgit


Kawangware 56
Jumatatu, 10 Machi 2025

Nabwire,

Sikuulizi habari ya goti.

Barua hii inaletwa na Mzee Nicanor wa kanisa letu, fundi viatu, maana kwa mkono wa Bridgit siwezi tena kupitisha kitu.

Miaka sita iliyopita polisi walipata misokoto kwa mpangaji wa namba tatu. Mpangaji alikuwa ametoroka. Wakasema keateka lazima alijua. Nililala ndani siku mbili, Nabwire, mimi Wayua, na kitambaa changu cha kanisa kichwani. Nilipotoka watu wa ploti walikuwa wananisalimia kwa upole, ule upole wa kumsalimia mwizi. Nikaapa hiyo kitu haitaonekana tena nilipo. Na sasa wewe unaniletea kwa bahasha, unaibandika gundi, unaniambia nisimwonyeshe mtu, halafu unajisifu kwamba watoto wako mmewapa kabla hawajamaliza kuota meno! Woi! Na mume wako, Mungu amlaze, asiyesema mpaka aipate!

Leo asubuhi nimechemsha maji kwa sufuria ile kubwa ya kupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, imejaa, nimeipandisha paani mwenyewe, nikaimwaga yote kwa mtungi wako. Yalikuwa yanatokota bado. Miche mitatu imelala chali. Mtungi nimeuacha hapo juu ukauke, nitakuja kuutupa nikipata nguvu.

Mbuzi hawatakuja tarehe 29. Nzuki nimemwambia hivyo tu, sababu sijamwambia, sitaki kumchafua msichana wa watu kwa makosa ya mama yake. Bridgit nilimpenda. Naandika hili nikilia, ujue.

Wayua


Kisumu Ndogo
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Mama Nzuki,

Nimekaa wiki mbili na barua yako chini ya beseni.

Ni mrenda.

Ni mboga, Wayua. Mrenda! Inauzwa hapo kwenu 56, fungu kwa fungu, hatua hamsini kutoka kwa mlango wako, kama ungewahi kununua kitu kingine zaidi ya maharagwe na mahindi. Waluhya tunaila, Wajaluo wanaila, ndiyo maana Obonyo wa watu alikukonyeza, maskini, alidhani amepata chakula cha jioni. Inateleza, ndiyo maana mzee asiye na meno anaipenda. Ina meno kando ya jani kwa sababu Mungu aliipa meno.

Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka Mama Mercyline akaja kuona kama nimepandwa na kitu. Halafu nikakumbuka ile sufuria, nikaacha kucheka. Zile mbegu si za duka. Mama yangu alizivuna mwaka aliofariki, nikazitunza ndani ya kibati cha chumvi, kila mwaka napanda kidogo kwa gunia langu na kurudisha mbegu kibatini. Nusu ya kilichobaki nilikupa wewe. Ukakichemsha.

Nzuki amekuja hapa mara nne. Anakaa kwa kiti changu cha sokoni, anachambua omena. Sasa ananuka kama sisi, na bado hajui kosa lake. Bridgit amenyoa mteja nusu kichwa kwa kuwaza.

Ningeweza kukusamehe kwa kutojua mrenda. Lakini nilikuomba ulee usichokijua, wewe ulipoogopa ukakimwagia maji moto. Siku ukimwogopa mtoto wangu utafanya nini? Mbuzi wako wabaki Kitui. Mimi ndiye sasa siwataki.

Nabwire


Kawangware 56
Alhamisi, 27 Machi 2025

Mama Bridgit,

Naandika nikiwa nimepiga magoti, si kwa kuomba tu, meza ameibeba Nzuki kwenda kuichomelea mguu.

Aibu niliyonayo haina pa kukaa. Mrenda! Nimepita karibu na mama wa mboga wa 56 miaka kumi na minane nikiangalia mbele. Leo nimeenda, nikashika fungu, nikaangalia meno yake, nikamwambia "samahani." Mama akasema, "Samahani ya nini?" Nikamwambia wewe chukua tu.

Nimemwita Obonyo nikamweleza yote. Alikaa chini kwa ngazi. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza, "Mathe, kwa hivyo wiki tatu hizi zote ulikuwa unanichukua mimi kama mvutaji?" Nikasema ndiyo. Akaacha kucheka. Amesema atanisamehe kwa sharti nimpikie, na sijui kupika.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie, na nakuomba uniamini maana hata mimi sikuyaamini macho yangu. Siku sita baada ya maji moto nilipanda paani kutupa mtungi. Nilikuta vimeota. Si vitatu. Vilikuwa vimejaa mtungi mzima, vijani viwili viwili vya mviringo, vimebanana kama watu wa kesha. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga tangi. Nikasema hii ni ya shetani, ukiiunguza inazidi!

Nikashuka, nikachemsha maji tena. Nikapanda nayo. Nabwire, wakati huo barua yako ilikuwa haijafika, nilikuwa bado naamini ni ile kitu. Nikasimama na sufuria mpaka mikono ikachoka. Nikaviangalia. Nimewaunguza hawa, wamerudi, na wananiangalia tu bila kinyongo. Nikasema kama ni ile kitu, basi jani la tatu litoke kwanza nilione vizuri, si kwa woga kama ile mara ya kwanza, nami nitaubeba mtungi mwenyewe mpaka kituoni niseme ni wangu. Maji nikayaogea. Tangu hapo navimwagilia ya baridi, na nimevifunika na ungo dhidi ya kuku wa namba kumi.

Vimefika sitini na tatu. Leo vitano vimetoa jani la tatu. Nakutumia moja humu ndani. Siogopi askari.

Hukuniuliza hili lakini nasema: nilifeli mtihani wako mara moja. Hiyo mara ya pili sijui utaihesabu vipi. Nzuki halali kwa raha. Ukikataa mbuzi nitaelewa, lakini nitakurudishia mbegu za mama yako, zote, nikishavuna.

Niite utakavyo,
Wayua


Kisumu Ndogo
Jumamosi, 29 Machi 2025

Mkwe wangu,

Jani limefika, limenyauka kidogo lakini ni lenyewe. Nimelinusa, nikamwona mama yangu jikoni kwake, mwiko mkononi, akinifokea.

Akinifokea, ndiyo. Kwa sababu umesema umemwaga maji yanayotokota na vikaota sitini na tatu, nikajipiga paji la uso mbele ya wateja. Wayua! Mbegu ya mrenda ina ganda gumu, hulala usingizi wa ajabu. Mama yangu kabla ya kupanda alikuwa anaifunga kwa kitambaa, anaichovya kwa maji ya moto, ndipo inaamka. Kila mwaka nafanya hivyo bila hata kufikiria. Wewe nilikuandikia kurasa mbili za mtihani na mila na mama mkwe, nikasahau kukwambia jambo moja la maana. Ndiyo maana zilitoka tatu. Ile sufuria yako ya hasira imefanya kazi niliyopaswa kukufundisha mimi.

Basi nani amefeli hapa? Nilijiona nina siri kubwa, kumbe nilikuwa karibu kumkosesha mtoto wangu nyumba kwa sababu ya kunyamazia mboga. Ningekwambia "ni mrenda" siku ile uliponiuliza kama mama kwa mama, usingelia. Nisamehe. Zile siku mbili ulizolala ndani sikuzijua, na baada ya kuzijua nilikujibu kwa kiburi. Hilo ndilo linaniuma.

Mara ya pili nimeihesabu. Ulisimama na maji moto mkononi ukiwa bado unaamini ni bangi, na hukumwaga. Mama yangu hakuwahi kupata mkwe aliyejaribiwa hivyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mbuzi. Nimevaa gauni hata hivyo, nimeshinda nalo kwa omena. Walete lini?

Mkwe wako. Mtarajiwa nimelifuta.
Nabwire


Kawangware 56
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mkwe wangu Nabwire,

Tulifika salama juzi, ahsante kwa chakula. Yule mbuzi wa tatu aliyekula kona ya pazia lako, Nzuki anasema ndiye aliyempa jina. Jina lenyewe ni Bridgit. Nimemwambia hilo akalimalize mwenyewe na mke wake.

Sasa nikuambie ukweli maana tumekubaliana kuambiana. Mrenda wako ulinishinda. Nilitabasamu mbele ya wazee wenu, lakini uliniponyoka kwa ugali mara tatu, na mara ya nne ukanifuata mpaka kidevuni. Obonyo, niliyemleta kama shahidi wangu, alikula sahani yangu chini ya meza. Lakini jana nilijaribu tena hapa nyumbani, peke yangu, nimefunga mlango. Nimeanza kuelewa. Usimwambie mtu.

Ule mfuko wa kiondo niliokuachia, angalia chini kabisa. Kuna kifundo cha leso, ndani mna mbegu nane. Ni za upande wetu, mama yangu alizileta kutoka Kitui mwaka wa njaa.

Usiniulize ni nini.

Mkwe wako,
Wayua


Kisumu Ndogo
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mkwe,

Goti zima, omena ipo, hujambo?

Zimeota saba. Yale mawili ya kwanza yalikaa kimya kama kawaida yao. Jana jani la tatu likatoka, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane niliyezaliwa shambani, nimelizunguka gunia mara kumi sijui ni nini. Mama Mercyline alitaka kunitajia, nikamfukuza na kopo lake la maji.

Simu iko hapa mkononi, na mifugo imeshafika, ningeweza kukupigia sasa hivi.

Sipigi. Namwagilia. Maji ya baridi.

Mkwe wako,
Nabwire